Sauti Iliyojibu Kabla ya Hadassa

Sokoni Likasi, saa ya watu kununua mboga, anayetaka kusikilizwa lazima apaaze sauti. Hadassa hakupaaza. Alifika mbele ya meza ya Magloire amevaa kitenge cha maua ya manjano, kilemba kimelegea upande mmoja, na simu yake ameiviringisha ndani ya kitambaa kama samaki aliyeanza kunuka. Akaiweka mezani, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Weye njo unatengenezaka batelefone?"

"Njo miye. Hii iko na ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Inasemaka."

Magloire aliinama kuificha sura yake, maana kicheko kilikuwa njiani. Hadassa akamweleza yote bila kumtazama. Jumapili kanisani kwao mchungaji aliuliza nani yuko tayari kubadilisha maisha yake. Watu wakanyamaza. Ndani ya mkoba wa Hadassa ikatoka sauti nzito ya mwanamume, ikasema kwa Kifaransa kwamba inaomba radhi, haikuelewa. Kanisa zima liligeuka. Mke wa mchungaji aliuwekea mkoba mikono na kuuombea, na mama yake Hadassa akataka kujua mwanamume huyo ni nani. Simu ilikuwa ya mtumba, na mwenyewe wa kwanza ndiye aliyeichagulia sauti ile.

"Uue huyu bwana," Hadassa alisema. "Kabisa."

"Nikimuua, utabakia mujane."

Hakukusudia kucheka, lakini alicheka, na kilemba kikaanguka begani. Magloire alimwonyesha kila kitu: aliingia kwenye paramètres, yaani mipangilio ya simu, akamzima msaidizi wa sauti, akaondoa ruhusa ya maikrofoni, akakiamuru kitufe cha pembeni kisiamshe chochote hata kikibanwa muda mrefu. Kazi hiyo ni fupi. Yeye aliirefusha, na mimi simlaumu, kwa sababu msichana alinukia vizuri na soko lile halinukii vizuri.

Wiki iliyofuata Hadassa alirudi na shida mpya. Televisheni ya baba yake, Papa Barnabé, muuzaji wa vitenge, nayo ilikuwa na masikio. Kila familia ikianza sala ya jioni, inajibu. Magloire akaenda nyumbani kwao, akaizima ile sauti iliyokuwa ikijibu, akanywa soda ya kopo ambayo hakuipenda, akasifiwa. Papa Barnabé alisema kijana wa Kikatoliki mwenye adabu kama huyu ni nadra, na sijui kama hiyo ilikuwa sifa au dongo.

Mapenzi yao yaliingia kwa mlango huo. Jioni walitembea chini ya miti ya jacaranda, Magloire akimtania Hadassa kwamba vumbi jekundu la Likasi linampendeza kuliko poda, Hadassa akimtania kwamba anaimba kama jenereta. Mchana walipigiana simu bila sababu. Magloire alishinda na chombo cha kuchomelea mkononi, akiunganisha nyaya nyembamba kuliko nywele, hata hivyo simu ya Hadassa ililia mara kwa mara. Siku moja msichana akaanza kuwaza.

"Na yako?" aliuliza. "Haina na mutu ndani?"

Kwao Hadassa walikuwa wamekubaliana kwamba kitu kinachosikiliza watu ndani ya nyumba si cha kukiweka karibu na maombi. Magloire alijua hilo. Alijua pia jibu la kweli.

"Yangu nilisha kuizima, chérie."

Mganga hajigangi, wahenga walisema. Lakini yule wa wahenga alishindwa kujitibu. Huyu wetu hakutaka.

Ikafika siku ya kujitambulisha. Magloire alivaa koti la marehemu baba yake, aliyefanya kazi kiwandani Shituru, koti lililombana kwapani. Alifika na mjomba wake Athanase na watu wachache wa mtaa wao wa Panda, na makreti ya soda, maana kwa Papa Barnabé bia haivuki kizingiti. Mila inajulikana: siku hiyo kijana hafungui mdomo. Anayesema ni mjomba. Kisha shangazi wa binti humsimamisha binti mbele ya wote na kumuuliza swali moja, na jibu lake ndilo linalofungua au kufunga mlango.

Hadassa alitoka chumbani na kitenge kipya cha buluu, macho chini. Tantine Eugénie, dada mkubwa wa Papa Barnabé, aliyetoka Kapolowe kwa ajili hiyo, akamshika mkono.

"Hadassa, hawa bageni, unabajua?"

Binti hajibu haraka. Akijibu haraka wataona ana njaa ya ndoa. Hadassa akavuta pumzi. Magloire akauinua mkono kidogo ajifute jasho, koti likaibana simu mfukoni, na katika ukimya ule sauti laini ya mwanamke ikasema:

"Bonjour. Je vous écoute."

Inasikiliza, ilisema. Mwanamke, kifuani mwa mchumba, anasikiliza posa ya mwenzake.

Athanase alijaribu kusema ni mashine tu. Papa Barnabé akamtazama binti yake, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha wote habari za mashine hizo. Hadassa alikuwa amekauka usoni.

"Ile ya mashine inakuwaka mwanaume," alisema polepole. "Na uliniambia yako ulisha kuizima."

Magloire alikuwa na njia mbili tu. Akikubali kwamba ni mashine, amemdanganya. Akikana kwamba amemdanganya, basi ana mwanamke. Akafungua mdomo siku ambayo hakuruhusiwa kuufungua, na mjomba akamkanyaga mguu aufunge. Makreti ya soda yakarudishwa kwenye gari, na Tantine Eugénie akaondoka na Hadassa kwenda Kapolowe, wakavune mahindi.

Jioni hiyohiyo Magloire aliketi kitandani, akaingia kwenye paramètres na kuizima ile sauti. Kazi hiyo ni fupi, nilishasema. Alijichukia kwa ufupi wake.

Basi ukaja msimu wa baridi kavu, asubuhi watu wa Panda wakitembea na masweta hadi shingoni. Magloire alitengeneza simu za watu na kuziwasha na kuzisikiliza zikilia kwa wenyewe. Ya kwake haikulia. Ikiwa alitaka kumpigia Hadassa, sasa alilazimika kuweka chini kazi, kufuta vidole, kulitafuta jina lake na kuligusa. Alikuwa analipata, anaangalia herufi zake, kisha anarudi kwenye nyaya. Alimpenda na alimwogopa. Lakini kilichomla zaidi ni lile jibu. Hadassa alikuwa ameshavuta pumzi. Neno lilikuwa limefika mdomoni, na mashine yake ikalitangulia. Lilikuwa neno gani?

Hadassa naye, Kapolowe, alipukuchua mahindi mpaka ngozi ya vidole ikawaka. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hamu ya kumsikia yule mtu akiimba kama jenereta. Tantine Eugénie alimwona akiitazama simu wakati wote na kumwambia kwamba mahindi hayapukuchuliwi kwa macho.

Simu hiyo ikaganda. Fundi wa karibu na misheni akairudisha ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Majina yalibaki kwenye kadi ya laini, mengine yote yakafutika. Hadassa aliipokea akiwa juu ya rundo la magunzi, akabana kitufe cha pembeni aone kama inawaka.

"Bonjour. Je vous écoute."

Mwanamke yuleyule. Ulaini uleule, upole uleule usiomjali mtu. Hadassa alibana tena, akamsikia tena. Akaketi chini na kucheka peke yake, kisha kicheko kikageuka kilio. Magloire alimdanganya kweli, lakini juu ya kitu kidogo; kwenye lile kubwa hakuwa na kosa. Tangu siku ile alikuwa amekionea wivu kitufe.

Angeweza kumzima yule mwanamke palepale, hatua zote alizikumbuka. Badala yake akaisogeza simu mdomoni.

"Appelle Magloire."

Iliita muda mrefu. Kule sokoni kitu kilianguka mezani, ndipo simu ikapokewa.

"Hadassa?"

"Niko na ule mwanamuke wako. Anaikalaka hata mu telefone yangu."

Magloire aliikaza simu sikioni. Hadassa alisikia soko zima likipita nyuma yake, wauza mboga, pikipiki, mtu anayeita wateja.

"Nilikudanganya," Magloire alisema mwishowe. "Ilikuwa mashine, lakini nilikudanganya."

"Juu ya nini haukuizima?"

"Mikono yangu inashinda na soudure, kuchomelea nyaya. Nilikuwa naiambia tu, appelle Hadassa. Siku ingine sina hata kitu ya kukuambia. Nilipenda kusikia jina yako inasemwa."

Hadassa aliuma ncha ya kitenge chake. Hakutaka asikike.

"Na sasa?"

"Ile sauti niliiua siku ile. Njo maana nimekawia kujibu, nilikuwa nafuta mikono." Akaendelea: "Hadassa. Tantine alikuuliza. Ulitaka kujibu nini?"

"Kuya uniulize mbele ya papa."

Hadassa aliporudi Likasi, Magloire na watu wake walikuja tena, na soda zilezile na mbuzi wa faini juu yake. Mlangoni Papa Barnabé aliweka beseni la kufulia, na kila mgeni akaangusha simu yake humo, imezimwa, hata Athanase aliyekuwa na kisimu cha vitufe kisichojua kusema lolote. Athanase akaomba msamaha kwa niaba ya mpwa wake, akaeleza uongo ulivyokuwa na ulivyoanza, bila kuupamba. Papa Barnabé alisikiliza mikono kifuani, akamwacha avuje jasho, kisha akamwashiria dada yake.

Hadassa alitoka na kile kitenge cha kwanza, cha maua ya manjano. Safari hii kilemba kilikaa sawa.

"Hadassa, hawa bageni, unabajua?"

Kimya. Watu wote wakaliangalia beseni. Mbali upande wa stesheni treni ilipiga honi, ikanyamaza. Hadassa alikaa nao ukimya ule, akaurefusha kama vile mtu mmoja alivyorefusha kazi fupi sokoni, mpaka akaona Magloire akifuta mikono magotini.

"Nabajua, Tantine," alisema. "Ni miye nilibaita."

Tantine Eugénie akapiga kigelegele cha kwanza, na Magloire, ambaye mila haimruhusu kusema, akalia.