Ukuta wa Maua

Mgeni aliingia ghafla, maji ya mvua yakimchuruzika mpaka viatuni. "Samahanini, naomba kujikinga tu."

Mjomba, mwenye chumba cha michezo ya kompyuta, akamsogezea kiti. Mpwa wake, msichana waliyemwita Kimya, alikuwa pembeni kama kawaida yake baada ya shule. Aliwatazama watoto wakicheza kwenye skrini, ndani ya mji aliouchora yeye. Mchezo ulikuwa wa kukimbizana: ukikamatwa, umetoka. Mji ulikuwa na soko, vichochoro, na bustani yenye ukuta wa maua. Wachezaji wote walibanana sokoni. Bustanini hakukanyaga mtu.

Ukuta ule Kimya aliuchora na rafiki yake, ua kwa ua, kabla rafiki hajahamia mbali na wazazi wake. Tangu hapo alikaa peke yake. Moyoni alijiambia kwamba siku watu watakapoingia bustanini, labda na yeye watamsogelea.

"Dada, jaribu na wewe," mjomba alimwambia mgeni.

Mgeni alikimbia ovyo, akajikuta bustanini. Moyo wa Kimya uliruka kwa furaha. Papo hapo mkimbizaji akasimama mlangoni, akamnasa.

"Shangazi kajipeleka jikoni kama kuku!" mvulana mmoja akamcheka.

Mgeni naye akacheka. "Nani kachora bustani hii?"

"Mimi," Kimya alijibu kwa sauti ndogo.

"Inapendeza, mwanangu. Ila mlango ni mmoja. Ukifukuzwa humu huna pa kutokea."

"Hawaji kwa sababu hawanipendi."

"Wanaogopa kunaswa tu. Utafungua mlango wa pili?"

Kimya akautazama ukuta. "Nitafungua. Leo leo."

Mvua ilikatika, mgeni akaenda zake. Watoto walipoondoka, Kimya aliukagua ukuta wote. Upande uliotazama vichochoro ndio pekee uliofaa mlango, na hapo ndipo rafiki yake alipochora maua yake ya mwisho.

"Mjomba, yule mgeni hatarudi, eti?"

"Sidhani." Mjomba aliacha kufagia. "Lakini ahadi ni yako, mpwa wangu, awepo asiwepo. Na ukiwatengenezea watu kitu, usitazame uzuri wake tu. Jiulize watapitaje."

Kimya alifuta ua moja, akapangusa macho, akafuta jingine, mpaka mlango ukaonekana.

Kesho yake yule mvulana alifukuzwa kutoka sokoni. Akachomokea bustanini, akatokea upande wa pili.

"Jamani, huku kunapitika!"

Wenzake wakamfuata mbio. Bustani ikajaa vishindo na kelele.

"Kimya, mlango huu umeuweka wewe? Hebu lete kiti chako hapa!" mvulana akamwita.

Kimya akakibeba kiti. Kwenye skrini watoto walikuwa wakipishana pale palipokuwa na maua ya rafiki yake. Aliyakumbuka, akakaa katikati yao.