Shati Lenye Matundu, Sweta Nzima

Kila Jumamosi asubuhi Mwelu alifua sare zake nyuma ya nyumba yao, Kitengela, na kila Jumamosi mamake, Mutindi, alipita kukagua kama kola zimetakata. Jumamosi hii hakufika kwenye kola. Aliinua shati akaona matundu manne madogo kifuani, na madoa ya damu.

"Mwelu! Hii ni nini tena?"

"Ni seng'enge ya shule, mum. Ilinikwaruza jana."

Mutindi alimtazama kifua, akakuta vidonda vimepakwa dawa ya meno.

"Rafiki yangu Waithera alisema inakausha," Mwelu alijitetea.

"Kwani kifua chako kiko na meno? Vaa sweta twende!"

Mwelu alichoka kabla hata ya kumwona daktari. Njiani mama aliuliza ni seng'enge ipi. Kwenye lango la kituo cha afya mlinzi akauliza ameumia wapi. Nesi aliyempima joto naye akauliza. Seng'enge, seng'enge, mpaka neno lenyewe likamkera. Kwa nini wasimpake dawa tu aende zake?

"Supa, Mwelu," Daktari Nashipae alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," Mwelu alijibu kwa sauti ya chini.

Daktari alipangusa ile dawa ya meno, akainama kutazama. "Vidonda si virefu. Ngozi ya juu tu ndiyo imetoboka, hatutashona." Kisha akageukia kompyuta. "Hapa kila jeraha lina namba yake. Nimeweka kidonda cha juu juu, kifuani. Sasa kompyuta inataka kujua kilichokuumiza."

"Seng'enge."

"Ulikuwa umevaa nini?"

"Shati, na hii sweta juu. Kulikuwa na baridi."

Mutindi alilitoa shati kwenye mfuko. Daktari aliyatazama matundu yake, kisha akaipapasa ile sweta mbele, polepole. Haikuwa na tundu hata moja.

"Seng'enge gani hii inaruka sweta, inaenda kutoboa shati?"

"Daktari, si uandike tu chochote!" Mwelu alifoka.

"Wewe! Heshima!" mama alimkemea.

Daktari alishusha pumzi ndefu. Tangu asubuhi watu walikuwa wakimdanganya, na sasa hata mtoto. "Siwezi kuandika chochote, Mwelu. Nikiandika seng'enge, nitakudunga sindano ya pepopunda uende nyumbani. Nikiandika mnyama, kuna sindano zingine, za kukinga kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukianza kuonyesha dalili, hatuna dawa ya kuuponya. Na kama ni mnyama, yuko wapi sasa? Anacheza na nani?"

Mwelu alimkumbuka Waithera. Saa hiyo rafiki yake alikuwa kwenye nyumba ile isiyomalizika, karibu na machimbo ya mawe, akimlisha kwa mkono mbwa waliyemficha huko. Woga ulimshika kweli kweli.

"Ni katoto ka mbwa!" alisema akilia. "Mum alikataa mbwa wa kuokota, nikamficha ndani ya sweta. Akaniuma. Na Waithera ako naye sasa hivi, na jana huyo mbwa alimkwaruza!"

Kabla hajamaliza, Mutindi alikuwa ameshampigia simu mamake Waithera.

Daktari alimsimamisha Mwelu kwenye sinki, akaosha vidonda kwa maji tele na sabuni, dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani. Akapaka dawa, akaviacha bila kushona, akamdunga sindano. Hakukupita muda Waithera aliletwa, mkono una mkwaruzo, naye akaoshwa na kudungwa. Mbwa alichukuliwa na ofisa wa mifugo ili afungiwe na kuangaliwa kwa siku kumi.

Ndipo daktari akabonyeza namba ya kuumwa na mbwa. Kompyuta ikakubali.

"Utarudi Jumanne, kisha Jumamosi ijayo, halafu mara mbili tena."

"Mara zote hizo!" Mwelu alilalamika.

"Zote," alisema Daktari Nashipae. "Ukiniambia ukweli, hata ule wa kukufanya ugombezwe, najua ninachotibu. Ukinidanganya, nitaitibu hiyo seng'enge yako vizuri kabisa, na ugonjwa wa mbwa uendelee ndani yako na ndani ya rafiki yako."

Mwelu alimtazama Waithera aliyekaa akishika mkono wake uliodungwa.

"Na hilo shati," Mutindi alisema akilikunja, "utalishona mwenyewe."