Picha za Mlango wa Jikoni

Rafiki yangu, fundi cherehani, alitaka jambo moja tu: picha za bintiye Chiriku zisipotee pamoja na simu yake iliyopasuka kioo. Chiriku mwenyewe alifariki miaka minne iliyopita, akiwa na miaka saba.

Programu mbili za kutunza picha alishazijaribu akazifuta. Ya tatu aliwekewa na kaka yake kwenye kompyuta.

"Hii inatafuta sura yenyewe, dada. Inaizungushia kisanduku, wewe unaandika jina."

"Isije ikamwita shemeji yako mbuzi kama ile ya kwanza."

"Ile haikukosea sana."

Wakacheka, kaka akaenda zake kazini.

Rafiki yangu alivuta pazia ili aone kioo cha kompyuta vizuri. Chumba kikawa giza, feni ya mashine hiyo ikivuma. Alianza na picha za mlangoni. Kila mwaka shule zilipofunguliwa, aliwapiga picha watoto wake wawili wakiegemea mlango wa jikoni, aone wamerefuka kiasi gani. Aliandika "Chiriku" mara tatu, akajifuta machozi kwa shati la mteja.

Kisha ikaja picha ya kwanza ya mdogo wake Chiriku akiwa peke yake. Programu ilimzungushia kisanduku, halafu ikachora kingine kando yake, penye mbao tupu za mlango. Chini yake iliandika: "Chiriku?"

Alidhani imekosea kama zile nyingine. Akafungua picha ya mwaka uliofuata, na wa baada yake. Feni ikanyamaza. Kisanduku kilikuwa palepale kwenye mbao tupu, ila kila mwaka kilikuwa kimepanda vidole vitatu hivi, kama mtoto anavyorefuka.