Kidole cha Sita cha Mjukuu wa Émérence

Asubuhi hiyo, siku za Zaïre, Mama Émérence hakwenda kuanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Mkwewe Julienne, mke wa mwanawe Firmin, alikuwa amejifungua, na mtoto alikuwa na vidole sita mkono wa kushoto. Émérence alikaa kando yao, uzi wa wavu mkononi.

"Nilikukataza! Mwenye mimba hashoni nyavu. Ulifunga mafundo, na fundo limeota kwa mutoto."

Julienne alilia. "Mama, wavu wa Firmin ulipasuka. Tungekula nini?"

"Nyamaza. Nitakifunga hiki kidole, kikauke, kianguke."

Jirani yao Mama Marceline, mkunga wa maternité, nyumba ya kuzalia, akaingia.

"Citoyenne Émérence, uzi huo ni wa kuvua samaki ao mutoto?"

Hakuna aliyecheka. Marceline alipapasa kidole taratibu. "Kina mufupa. Ukikifunga kitaoza, na sumu itapanda. Nilishaona mutoto akizikwa kwa sababu ya uzi kama huo."

Émérence akakitazama kidole. "Basi, kimetoka wapi?"

Marceline alitandika kikwembe, nguo yenye michoro ya ndege na ua. "Kitendawili!"

"Tega."

"Ndege yuko ncha hii, ua liko ncha ile. Nguo haikatwi, haishonwi. Watakutanaje?"

Émérence akakunja nguo. Ndege akalalia ua.

"Njo vile. Katika kila chembe ya mwili mna uzi mwembamba usioonekana, wenye maagizo ya mwili. Umekunjwa. Mutoto anapoumbwa, mukunjo unaleta sehemu ya mbali ya uzi karibu na agizo la vidole, inaliamsha. Kosa dogo tu katika uzi, agizo linaamka mahali si pake. Kidole kinazidi. Wenye elimu wangali wanatafuta mengine, lakini fundo la wavu halifiki huko."

"Kama uzi ni ule ule, mbona vidole havioti mgongoni?" Émérence aliuliza.

"Umeuliza vema! Mgongoni umekunjwa namna ingine. Agizo la vidole limelala. Mambo haya hurithiwa mara nyingi. Katika ukoo wenu hakuna mwingine?"

Émérence alitazama mkono wake wa kushoto. Kando ya kidole cha mwisho palikuwa na kovu. Mama yake alisema siku zote: ni la moto. Lakini moto gani huchoma mahali padogo hivyo?

Uzi ukamponyoka.

"Julienne, mwanangu. Kimetoka kwangu. Nisamehe."

Mtoto alipokua kidogo, daktari alikikata kidole vizuri, kidonda kikapona. Baadaye Julienne akabeba mimba tena. Siku moja wavu wa Firmin ukapasuka. Émérence akakaa kando ya mkwewe, akampa uzi.

"Kaza fundo, mwanangu. Kaza."