Bakuli la Mtori Lililong'aa

Kila Jumamosi Ndeshi aliamka akijua kazi zinazomsubiri: kufagia uwanja, kuchota maji na kumenya ndizi. Ya mwisho ndiyo iliyomchosha zaidi, kwa sababu utomvu wa ndizi mshare hung'ang'ania vidole na hautoki kwa kunawa mara moja. Mama yake, ambaye pale Moshono kila mtu alimwita Mama Ndeshi, alipika mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, wa kuuza. Wateja wake wakubwa walikuwa wazazi, yaani wanawake waliojifungua majuzi, maana familia nyingi za huku haziamini kwamba mzazi amepona mpaka anywe mtori wiki kadhaa.

Siku za karibuni wateja walikuwa wamepungua. Watu walipiga simu wakasema watumiwe picha kwanza waone, na wakitumiwa hawajibu tena. Ukweli ni kwamba picha zenyewe zilitisha. Ndeshi, aliyekuwa darasa la sita na mwepesi wa kujitolea, alisema atazipiga yeye. Wiki nzima alihangaika na simu ya mama yake. Alipiga na taa ya simu, mtori ukatoka mweupe kama chokaa. Alizima taa, ukatoka mweusi. Alisogea karibu, mvuke ukatia ukungu kwenye kamera. Kila alivyofanya ulionekana tope, na yeye aliyeula tangu utotoni aliona uchungu kuuona unaaibishwa hivyo. Alikata tamaa kabisa.

Jumamosi hii haikuwa ya mchezo. Mama Aminiel, wa upande wa pili wa Moshono, alikuwa amepata mjukuu siku nne zilizopita, na mkwewe Evaresta, mzazi mwenyewe, alikuwa bado dhaifu. Mama Aminiel aliagiza hotipoti moja ya mtori wa kuonja. Evaresta akiupenda, Mama Ndeshi angempikia kila siku mwezi mzima.

Mama alipokwenda buchani kufuata nyama, Ndeshi alifungua video ya kufundisha kupiga picha za chakula. Mwalimu wa kwenye video alisema chakula kikitiwa glisarini kidogo, hiyo hiyo ambayo watu hujipaka mwilini, hung'aa vizuri sana. Akasema, "Lakini kumbukeni," kisha picha ikaganda. Bando lilikuwa limekwisha, na salio halikubaki hata la kubipu. Ndeshi hakujisumbua kujiuliza walitakiwa kukumbuka nini.

Saa nne mtori uliiva. Mama alipakua bakuli moja, akamwambia Ndeshi alipige picha kisha alirudishe sufuriani, kwani mtori ulikuwa unatosha hotipoti tu na kwao chakula hakimwagwi. Akaingia ndani kuoga.

Ndeshi alichukua chupa ya glisarini dirishani. Alidondosha matone machache, akayasambaza kwa kijiko. Mtori ukang'aa! Alipiga picha moja, ya pili, ya tatu, na moyo wake ukajaa furaha ambayo hakuwa ameipata wiki nzima.

"Umesharudisha?" mama aliuliza kutoka bafuni.

Ndeshi alisimama na bakuli mkononi. Akisema kweli, hotipoti haitajaa na mama atachelewa. Na ni matone machache tu, alijiambia, kwenye sufuria nzima. Alimimina. Muda si mrefu mama alitoka, akaupekecha mtori mara ya mwisho, akaujaza kwenye hotipoti na kupanda bodaboda. Simu alimwachia Ndeshi, apokee wateja wakipiga.

Ndeshi alikwenda mbio hadi studio ya Nasri, kijana aliyepiga picha za pasipoti karibu na stendi. Alimwamkia, akamwonyesha picha. Nasri aliitazama kwa makini, akaisifia, kisha akauliza amefanyaje mpaka mtori ukang'aa. Ndeshi alimweleza kwa majivuno.

"Vizuri," alisema Nasri. "Hata sisi hufanya. Lakini chakula cha namna hiyo hakiliwi tena. Umeumwaga?"

"Nimeumwaga," alijibu Ndeshi.

Aliaga, akatoka. Sasa alijua mwalimu wa kwenye video alitaka watu wakumbuke nini. Alifika nyumbani, akakaa kwenye kizingiti na simu mkononi. Mama hakuwa na simu nyingine ila hii. Namba ya Mama Aminiel aliiona, lakini angempigia kwa salio gani? Nyumba yenyewe hakuijua. Alisoma maandishi ya kwenye chupa: kwa matumizi ya nje tu. Akayasoma tena, kama vile yangebadilika. Alimfikiria Evaresta, mwenye kitoto cha siku nne kifuani, akiinua kijiko. Aliogopa, na hakuona la kufanya. Lilikuwepo moja tu, nalo lilimtaka arudi kwa mtu aliyemdanganya.

Alirudi studio akihema.

"Kaka Nasri, sikuumwaga. Niliurudisha sufuriani, na mama ameupeleka kwa mzazi."

Nasri hakuuliza zaidi. Aliinakili namba ya Mama Aminiel kutoka simu ya Ndeshi, akapiga kwa simu yake, kisha akamkabidhi. Ndeshi alimsihi aseme yeye, kwa kuwa ni mtu mzima.

"Mimi sikuwepo jikoni," alisema Nasri. "Zungumza."

Simu iliita mara nyingi. Mama Aminiel alipopokea, Ndeshi aliamkia, akataja jina lake, akauliza kama mzazi ameshakula. Aliambiwa mtori upo bakulini, wanasubiri upoe.

"Mama, naomba asiule. Nilitia glisarini ili nipige picha, halafu nikaurudisha. Mama yangu hajui."

Kwa mbali alimsikia mama yake akiuliza kuna nini. Kisha simu ikakatwa.

Mama alirudi na mtori wote umerudishwa kwenye hotipoti. Ndeshi alitarajia fimbo, au angalau makelele, lakini mama alimpa jembe tu. Ndeshi alichimba shimo nyuma ya nyumba, akaumwaga mtori wote mwenyewe, na nyama yake na jasho la asubuhi yote. Machozi yalimtoka, na mama hakumbembeleza.

"Kuanzia leo," alisema mama, "bakuli utakalolipiga picha utalila wewe, lote, mbele yangu. Ukiona huwezi kulila, usimwonyeshe mtu."

Jumatatu baada ya shule Nasri alikuja kumwelekeza. Hakuleta kifaa chochote. Aliifuta kamera kwa kitambaa laini, akazima taa ya simu, akaweka bakuli mlangoni ambako mwanga uliingia kwa ubavu. Alimwambia Ndeshi asubiri mvuke upungue, kisha aongeze juu kijiko cha siagi, ile ambayo mama hutia kila siku. Siagi iliyeyuka, mtori ukang'aa wenyewe. Picha haikuwa kali kama ile ya kwanza, lakini mtori ulionekana mtori. Ndeshi alikula bakuli lote mpaka chini, mama akimwangalia.

Picha ilipotumwa, wateja wawili walipiga siku hiyo hiyo. Mama Aminiel hakupiga, wala Jumanne hakupiga. Jumatano jioni ndipo simu iliita, na mama akaipokea akiwa amesimama. Mama Aminiel alisema wamejaribu mtori wa sehemu mbili nyingine, na Evaresta hakupenda wowote. Kisha akaongeza neno moja ambalo mama alimwambia Ndeshi kama lilivyo: "Wanaopika Moshono ni wengi. Aliyenipigia kuniambia tusile, nimempata mmoja tu." Alitaka mtori kila siku hadi mwezi uishe, kuanzia kesho.

Ndeshi aliuliza kwa sauti ndogo kama ni kwa sababu ya ile picha mpya.

"Hapana," alisema mama. "Picha humleta mtu aonje, na nakushukuru kwa hiyo. Lakini huyu hajarudi kwa picha, mwanangu. Amerudi kwa ile simu uliyoogopa kuipiga. Ukikosea tena, na utakosea, uipige mapema kuliko siku ile."

Kisha akamsogezea mkungu wa ndizi na kisu, nao wakaketi kumenya za kesho.