Pete za Mama yake Mong'ina

Kila Jumatano baada ya masomo, Joyline hufagia chumba cha makumbusho cha shule yao karibu na Ogembo. Kando ya kila kifaa pamebandikwa msimbo. Mgeni akiuelekezea simu, husikia sauti ya mwanafunzi ikimweleza kuhusu kifaa hicho.

Jumatano hii aliuweka ufagio kando haraka. Wageni kutoka Kisii mjini walikuwa wamefika, na nyuma yao alitembea nyanyake, Mong'ina. Yeye ndiye aliyeipa shule ebitinge, pete za chuma za miguuni alizovaa mamake zamani.

Mwalimu Onyiego alikuwa amemtuma Joyline akamhoji nyanyake kuhusu pete hizo. Joyline aliona uvivu kupanda kilima hadi kwa nyanyake. Akaketi darasani, akarekodi kwa simu ya shule uongo mtupu kwamba wasichana walizivaa ili zilie wakicheza ngoma. Uongo wenyewe ulimpendeza hata akausikiliza mara mbili.

Sasa mgeni mmoja, mama mwenye miwani, alisimama mbele ya pete na kutoa simu. Joyline alisogea karibu naye. Akinyamaza, nyanyake angeaibika mbele ya watu. Akisema, angefukuzwa kwenye chama cha makumbusho alichokipenda mno.

"Tafadhali mama, usifungue hiyo," alisema. "Nilidanganya. Sikumuuliza nyanya."

Wageni waligeuka. Mwalimu Onyiego, aliyesimama mlangoni, alikunja uso.

"Ulisema nini humo?" Mong'ina aliuliza.

Joyline alimweleza huku akitazama sakafu.

"Za ngoma?" Sauti ya Mong'ina ilikwaruza. "Mama alivalishwa alipoolewa. Kuzivua kulikuwa kumkataa mume. Alizivua baba alipokufa, na siku hiyo nilimwona akilia. Ungewaambia watu mama yangu alikuwa akicheza tu?"

"Nisamehe, Magokoro," Joyline alisema, akimwita nyanyake kwa lugha ya nyumbani. Machozi yalimtoka.

Mong'ina akavuta kiti. "Lete simu uliyorekodia. Uliza sasa."

Joyline aliileta simu ya shule, akaifuta rekodi yake. Akauliza, nyanyake akajibu, na wageni walisikiliza wakiwa wamesimama.

Walipoondoka, Mwalimu Onyiego alimwita. "Utabaki chamani, lakini utarudia kumhoji kila mwenye kifaa humu. Simu hubeba chochote tunachoipa, kiwe kweli au uongo. Mgeni hawezi kujua. Anatuamini sisi, kwa hiyo ni lazima tuulize kabla ya kusema."

"Nimeelewa, Mwalimu," Joyline alijibu, na safari hii hakudanganya.