Kifuniko Chenye Vidole

Yaliyompata rafiki yangu Asiku mwaka themanini na saba, ninyi mashujaa wa mdomo mngejikojolea. Kazi yake ilikuwa kuotesha vijidudu vya magonjwa kwenye maabara moja ya mji wa Arua, Uganda. Alipaka usaha wa kidonda cha mtoto mmoja kutoka Koboko katika sahani ya kioo yenye damu ya kondoo iliyogandishwa, akaifunika, akazungushia plasta, akaiweka kwenye kabati la joto.

Kesho yake mkubwa wake, Driwaru, alimvaa. "Wewe Asiku, iko na akili? Umefungua sahani, umetia vidole! Unataka tukufe wote? Leo kazi yako imekwisha!"

"Mama, mimi hapana gusa!" Asiku alifoka. Akaingia chumba cha kabati, akabamiza mlango kwa hasira. Dirisha hamna, stima imekatika. Gizani, ndani ya kabati, kioo kilikwaruza kioo, polepole.

Akawasha kiberiti. Plasta ilikuwa nzima. Vijidudu vilikuwa vimeota kwa umbo la alama za vidole vitano, vidogo kuliko vyake, kama vya mtoto. Wala havikuota kwenye damu. Viliota juu, upande wa ndani wa kifuniko, kwenye kioo kikavu ambako kijidudu hakina cha kula.